Sauti Iliyovunjika Barabarani

Tarini Barman alikuwa na dharau ya kumtosha yeye na kijiji kizima cha Kashipara, na bado ikabaki ya kuwagawia wapita njia. Kila asubuhi aliketi kwenye benchi la kibanda cha chai cha Jobbar, dotara yake, zeze la mti wa mfenesi, magotini, shavu limejaa tambuu, akiwahukumu viumbe mmoja mmoja. Yule ndege mweusi anayelia juu ya msufi ukianza kuchanua, ambaye watunzi wenzake wote wamemsifu mpaka wamechoka, yeye alimwona mvivu tu: sauti mbili tangu dunia iumbwe, na bado anashangiliwa. Hata mto Dharla haukupona.

"Masika unanguruma, kiangazi hauna hata kikohozi," alisema. "Kama waimbaji wa siku hizi."

Hao waimbaji wa siku hizi ndio hasa waliomtia nyongo. Nyimbo za kule kwao ni za waendesha magari ya ng'ombe, na huimbwa kwa sauti inayokatika katikati ya neno, ikaruka juu, kisha ikarudi. Bila mkatiko huo wimbo ni maji yaliyooshewa mchele. Na Tarini alikuwa na maelezo yake, aliyoyatoa kwa miaka arobaini bila kuulizwa: mkatiko umetoka barabarani. Baba yake aliendesha gari la maksai. Tarini, mtoto wa miaka minne, alilala nyuma juu ya magunia akimsikiliza baba akiimba, na kila gurudumu lilipotumbukia shimoni, sauti ikavunjika. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomzalia wimbo wake mkubwa, "Taratibu, Baba". Baadaye ikaja lami, mashimo yakafukiwa, na makoo ya watu yakawa laini kama sabuni.

"Mnaimba kama mnatangaza dawa ya mbu," aliwaambia vijana, nao wakamcheka na kumnunulia chai.

Mwaka huo redio ya mjini ikautaka wimbo wake, irekodi ibaki nao. Wakamwachia Tarini mwenyewe amchague mwimbaji, na kijiji kizima kikajua atajichagua. Hawakujua kwamba sauti yake ilikuwa haivunjiki tena. Alikuwa amejaribu peke yake kwenye shamba la haradali, akajaribu kisimani, ikatoka nyembamba na nzima, ikafika mwisho ikazima. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kumwambia mtu. Asipopatikana wa kuuimba inavyotakiwa, baba yake angesikika milele kama muuza sabuni.

Aliyekuja kuuomba ni Shefali, mwalimu wa shule ya msingi, mwimbaji wa harusini tangu usichana wake. Akaketi mbele ya kibanda, akauimba wote bila kukosea popote.

"Vizuri sana," akasema Tarini.

Jobbar akaacha kukoroga chai. Neno hilo hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mle.

"Vizuri kama ukuta uliopigwa lipu. Mikatiko iko wapi?"

"Si nimekata, mzee? Pale kwenye 'taratibu', na pale mwisho."

"Umekata kwa mkasi! Utajua wapi, nawe umezaliwa juu ya lami? Gari la ng'ombe umepanda lini wewe?"

"Basi nipandishe," akasema Shefali.

"Nikupandishe wapi? Yako wapi hayo magari?"

"Langu lipo," akasema Jobbar, ambaye alikuwa na gari moja la kukodisha maharusi wanaopenda mambo ya zamani. "Magurudumu ya mbao, mzee. Na maua."

Asubuhi ya pili yake wakatoka, Jobbar akiwaendesha maksai wake wawili, gari limepambwa mawaridi ya karatasi kama bibi harusi asiyejua umri wake. Tarini alichagua njia ya zamani ya juu ya tuta la mto, ambayo lami haijaigusa. Kwenye kona akapanda Khiroda, dada yake mkubwa, na kikapu cha mabata wawili wa kwenda kuuza sokoni.

"Nani anaolewa?" akauliza, akiyatazama maua.

"Si wewe, dada."

"Nashukuru. Maana huyo bwana harusi uso wake umeshanichosha."

Shimo la kwanza lilikuwa zuri. Shefali akafungua kinywa, gari likatumbukia, akajiuma ulimi. La pili akatoa sauti ya mtu aliyekalia mwiba. Tarini akamsukuma kando: hebu apishe, aone inavyofanywa. Akavuta pumzi, akaanza, gurudumu likazama, na sauti ikamtoka kama kuku aliyekanyagwa. Mabata wakamwitikia. Khiroda alicheka mpaka akashika mbavu.

"Jamani, mnafanya nini nyie?"

"Tunatafuta sauti ya baba," akasema Tarini kwa hasira. "Kama huna la maana, shika mabata wako. Humkumbuki alivyokuwa akiimba siku ile, tunakwenda kwa bibi? Yale mashimo?"

"Mashimo gani?"

"Yaliyokuwa yakimvunja sauti!"

Khiroda akaacha kucheka. Akamtazama kama anayemtazama mtu aliyevaa shati nyuma mbele maisha yake yote.

"Tarini, kilikuwa kiangazi. Vumbi lilifika kwenye vifundo vya miguu. Gari lilikuwa linapita kama juu ya unga. Hapakuwa na shimo hata la kumzika panya."

"Nilisikia kwa masikio yangu."

"Ulisikia, ndiyo. Ukamwuliza, baba, mbona sauti yako inakatika? Akakwambia, ni barabara, mwanangu, lala. Ukalala. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimekaa mbele pamoja naye. Matanga ya mama tulikuwa tumeyaanua asubuhi ile ile, naye alikuwa anatupeleka tukaachwe kwa bibi."

"Alikuwa analia?"

"Angelia angeimbaje? Alikuwa anazuia, usije ukaogopa. Kila kilio kikimpanda anakimeza, sauti inakatika, anaendelea." Akaliweka sawa kapu lake. "Miaka yote unawahubiria watu mashimo! Nilidhani unajua, unaona haya tu kusema. Kumbe ni ujinga mtupu."

Jobbar akawasimamisha maksai bila kuambiwa. Tarini alitazama mto, akatazama maua ya karatasi, akatafuta kitu cha kudharau. Hakukiona ila mzee mmoja aliyeshika dotara. Alimwona baba yake mgongoni tu, kama alivyomwona siku ile kutoka juu ya magunia, na safari hii alijua upande wa pili wa mgongo ule kulikuwa na nini.

Gari likiwa limesimama, hakuna kinachotikisika, Shefali akaanza upya, polepole. Machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga.

"Usilie!" Tarini akamkaripia. "Ukilia umeharibu. Mtoto amelala nyuma yako. Zuia."

Akazuia. Alipofika kwenye "taratibu" sauti ikakatika yenyewe, ikaruka, ikarudi, na Khiroda akajifuta pua kwa ncha ya sari. Tarini hakusifu. Alikaza uzi mmoja wa dotara ambao haukuwa na kasoro yoyote.

"Huo ndio wa kupeleka redioni," akasema. "Rudia."

Redio ilipoutoa wimbo huo, benchi la Jobbar lilijaa, na waliokosa nafasi wakasimama. Miongoni mwao alikuwa mnunuzi wa haradali kutoka mjini, mtu mwenye viatu. Wimbo ulipokwisha alitikisa kichwa.

"Ajabu! Huyu mama anaivunjaje sauti namna hii? Anafanya nini hasa?"

Watu wote wakamgeukia Tarini, maana maelezo yake waliyajua kwa moyo. Jobbar naye akamwangalia, birika mkononi. Tarini akatema tambuu yake kando.

"Ni barabara tu," akasema. "Kunywa chai yako."