Kulungu wa Jumatatu

Jumatatu, saa mbili asubuhi, mshonaji alikuwa barazani akitia uzi kwenye sindano ya cherehani alipomwona kulungu dume akisukuma geti kwa pembe. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umevunjwa na risasi, na bado alijitahidi kufuta kwato kwenye zulia la mlangoni. Kuna watu wenye miguu mizima hawajawahi kufanya hivyo.

"Baba watoto," aliita mshonaji bila kuacha uzi wake, "una mgeni."

Mumewe alikuwa mwindaji, na mtaa mzima ulimwita Moja Tu. Alipiga risasi moja, kwa karibu, nyuma ya bega, mahali ambapo mnyama hapati hata nafasi ya kushtuka. Jike mwenye mtoto hakumgusa. Akishapiga aliketi chini, akanywa kikombe kimoja cha chai kutoka kwenye chupa aliyofungiwa na mkewe, ndipo akamsogelea mnyama. Anayekata roho akisikia hatua za haraka hujaribu kukimbia, na kufa unakimbia ni kufa mara mbili. Wawindaji wenzake waliicheka ile chai, lakini inaonekana porini sifa ilikuwa imefika.

Moja Tu aliutazama ule mguu, akaingia ndani kuchukua bunduki. Kibali chake kiliruhusu wanyama wanne kwa mwaka, na huyu alikuwa wa nne. Kazi ilikwenda vizuri. Jumatatu iliyofuata wakaja watatu, wakapanga foleni kando ya kamba ya nguo, aliyevunjwa taya akiwa mbele.

"Ukimpiga wa tano watakunyang'anya bunduki," mkewe alisema.

"Na nisipompiga?"

Walimtazama yule wa mbele. Moja Tu aliogopa. Kazi nyingine hakuwa nayo na hakuitaka. Akavaa shati lake la mikono mirefu, akaenda ofisi ya vibali, na kulungu watatu nyuma yake.

Ofisini mama mmoja alijisogeza kwenye benchi kumpisha mwenye taya iliyovunjika. Afisa wa vibali alikuwa mtu mwema. Alikiri kwamba wageni wa Jumamosi, wale wanaokuja kuwinda kwa starehe, hupiga wakiwa ndani ya magari yanayokimbia, na kwamba shabaha zao ni za kuombea dua.

"Ila fomu inauliza waliouawa tu," alisema. "Waliojeruhiwa hawana pa kujazwa. Kwa hiyo wageni hawajavunja sheria, utakayeivunja ni wewe. Sheria ni msumeno, kaka."

"Huu wenu unakata upande mmoja."

Afisa alicheka sana, maana alipenda watu wenye majibu. Kisha akapekua kitabu cha kanuni, akasema haoni kifungu kinachomzuia kulungu kujiombea mwenyewe kibali cha kupigwa. Akasogeza kisanduku cha wino wa dole gumba. Mwenye taya akaweka ukwato. Kwenye nafasi ya sababu ya maombi afisa akaandika "maumivu", akagonga muhuri.

Tangu siku hiyo mambo yalinyooka. Jumamosi wageni walipiga. Jumatatu kulungu walipitia ofisini, kisha wakaja getini na karatasi zao mdomoni, na yeyote mwenye taya mbovu alibebewa yake na mwenzake. Mshonaji alinunua zulia kubwa zaidi. Moja Tu alifanya kazi yake bila haraka, akalala usingizi mzuri. Kwa ujumla walikuwa na furaha.

Kisha Jumatatu moja, baada ya wote kwisha, akabaki mmoja mdogo asiye na karatasi. Moja Tu alimpapasa mwili mzima.

"Huyu hana jeraha."

"Amemfuata mama yake," mkewe alisema.

Mama yake alikuwa wa kwanza kwenye foleni asubuhi ile. Moja Tu aliketi kwenye ngazi, chai ikapoa mkononi. Ilimuuma, na alisema inamuuma.

"Hakunionyesha kama ana mtoto."

"Tumbo lake lilikuwa limepasuliwa. Angehangaika siku tatu. Kwako amehangaika kikombe kimoja."

Walimpeleka yule mdogo ofisini. Afisa alimtazama kwa huruma ya kweli, akatafuta fomu kwenye droo zote.

"Hakuuawa, hakujeruhiwa," alisema hatimaye. "Kisheria, huyu hajatokewa na jambo lolote."

Basi wakarudi naye nyumbani. Alichagua kulala chini ya cherehani, juu ya vipande vya vitambaa.

"Mgeni siku mbili," Moja Tu alitania, "ya tatu mpe jembe."

"Na hilo jembe atalishika na nini?" mkewe akajibu, akamsogezea bakuli la maji.

Jumamosi ilipofika, magari ya wageni yalipita barabarani. Yalikuwa yameongezeka mawili. Mdogo akainua masikio. Moja Tu aliisuuza chupa ya chai, akaiweka tayari kwa Jumatatu. Mshonaji hakuwa na kazi ya mteja siku hiyo, lakini alivuta kiti na kukanyaga cherehani kwa nguvu, kelele zake zikimeza milio ya risasi kutoka porini, sindano ikipanda na kushuka bila kitambaa chini yake, mpaka jioni, magari yaliporudi.