Mikono ya Twaiba Iliyokunywa Maji

Jumanne moja ya mwezi wa nne, saa kumi na mbili u nusu asubuhi, Twaiba binti Matano alitia mikono katika beseni la vyombo na maji yakaisha. Hayakumwagika. Beseni lilikuwa zima, jekundu, limenunuliwa Ukunda wiki ile ile. Akamimina jagi jingine, akatia mikono tena. Maji yakaingia katika nyufa za vidole vyake, yakatoweka.

"Mikono inakunywa," alimwambia mumewe.

Kibwana, ambaye huendesha tuktuk baina ya Ukunda na ufuoni Diani, aliweka kando kikombe chake cha chai, akaja kuitazama. Ilikuwa na rangi ya majivu, na kila kiungo cha kidole kimepasuka.

"Ina kiu," akasema. "Miaka sita ya dobi si mchezo." Akachukua sifongo, akaviosha vyombo yeye.

Twaiba alikuwa mfuaji katika hoteli moja kubwa ya Diani. Mashuka yenye madoa yalifuliwa kwanza kwa mikono, kwa dawa kali ya kutakatisha, ndipo yakatiwa mashineni. Wafuaji walikuwa wameomba glavu tangu mwaka juzi, na kila walipouliza waliambiwa zimo njiani.

Shida ya mwanzo ilikuwa udhu. Maji ya bomba yalikwisha kabla hayajafika kwenye kiwiko. Twaiba akaenda kumuuliza Maalim Chome wa madrasa ya jirani, naye akataka kujua jambo moja tu: je, maji yanaigusa ngozi kabla hayajanywewa?

"Yanaigusa, Maalim."

"Basi udhu wako umetimia. Ila yatakwenda maji mengi, na utahitaji mtu wa kukumiminia."

Tangu siku hiyo Kibwana alimmiminia mkewe maji kwa birika, alfajiri na magharibi, na adhuhuri akipata abiria wa kumpitisha karibu na hoteli. Tangu fungate hawakuwahi kusimama karibu hivyo mara nyingi kwa siku. Twaiba hakulalamika.

Juma la pili masika yakashuka kwa nguvu na mashine ya kukaushia ikaharibika. Mashuka mabichi yalijaa vikapuni hadi mlangoni. Twaiba aliokota moja apate nafasi ya kupita, na lilipofika mikononi likawa kavu, tena limenyooka kama lililopigwa pasi. Akaokota la pili. Mwenzake Veronicah, mzaliwa wa Kitui, alimtazama kidogo, kisha akamsogezea kikapu.

"Aki Twaiba, usisimame hapo hapo," akasema. "Keti, ndio usichoke."

Kufikia saa saba vyumba vyote vilikuwa vimetandikwa. Msimamizi wa dobi, Bwana Trevor, alikuja mwenyewe kushukuru. Aliamuru Twaiba aletewe kiti chenye mto, akampiga picha, picha ikatundikwa katika ujia wa wafanyakazi. Kisha akampigia fundi wa mashine kumwambia asihangaike kuja.

"Na zile glavu, Bwana Trevor?" aliuliza Twaiba.

"Glavu za nini tena? Hiyo mikono si ndiyo mashine yetu?"

Alisema kwa upole, hata akatabasamu. Twaiba naye, ukweli usemwe, alikipenda kile kiti. Katika miaka sita alikuwa hajawahi kuketi kazini.

Lakini nyumbani mambo yalizidi. Mchuzi ulimkaukia sahanini. Alasiri moja bintiye Ummi, wa miaka minne, alianguka barazani akalia. Twaiba akamfuta machozi, na shavu la mtoto likakauka papo hapo, likapasuka ufa mwembamba kama uzi. Ummi hakulia tena. Alishika shavu, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama akiitazama mikono ya mamake.

Jioni ile Twaiba alimpigia simu mavyaa yake Bi Mwanatumu, mama yake Kibwana, aishiye Msambweni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekauka?"

"Si sauti, mama. Ni mikono."

Bi Mwanatumu alifika kesho yake na nazi kumi, nta ya nyuki kidogo katika karatasi, na jozi tatu za soksi nyeupe za pamba. Alikuna nazi, akakamua tui, akalichemsha polepole mpaka mafuta yakajitenga, akayayeyushia nta. Kisha akampa mkwewe masharti. Aoshe mikono kwa maji ya vuguvugu, si ya moto. Sabuni iwe ya kipande, isiyo kali. Aikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa, asisugue. Apake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, halafu avae soksi mikononi na alale nazo.

Siku ya kwanza mikono ilikunywa chupa nzima. Ya tatu, nusu chupa. Ya tisa, mafuta ya kijiko kimoja yalibaki juu ya ngozi yakimetameta. Nyufa zilifumba moja baada ya moja, na Jumapili asubuhi maji yalitulia katika beseni. Ummi alisogea mwenyewe, akampa mamake uso auoshe.

Dobini mashuka yakaanza kuchelewa kukauka, na wageni wawili walisifu harufu ya nazi. Bwana Trevor akamwita Twaiba pembeni.

"Hiyo mafuta unapaka nyumbani, si ungeacha kidogo tu? Angalau mvua iishe."

"Nina mtoto, Bwana Trevor. Nataka kumshika."

"Mtoto naelewa. Sasa mashuka nayo?"

Twaiba alikiwaza kile kiti. Aliwaza kwa muda wa kutosha, kwa sababu miguu yake ilikuwa imeshazoea. Kisha akasema, "Mashuka yatafutiwe fundi."

Picha iliteremshwa adhuhuri, na kiti kikaondoka nayo. Twaiba akarudi kwenye karo la kufulia kwa mikono, kwenye ile dawa kali. Kibwana alimnunulia glavu za mpira sokoni Ukunda, lakini langoni Twaiba alizuiliwa nazo kwa kuwa rangi yake ya manjano haikulingana na sare. Ikabidi apake mafuta kila jioni, bila kukosa.

Wiki hiyo tangazo lilibandikwa langoni: Anatakiwa mfuaji mwenye mikono mikavu sana. Wenye mikono laini wasijisumbue. Walikuja wanawake wengi, maana mikono mikavu haikuwa adimu. Akachukuliwa Concepta, aliyekuwa akiosha vyombo mkahawani. Alikausha mashuka akiwa ameketi kiti kile kwa siku mbili. Siku ya tatu, saa nne, chai ilimwishia kikombeni kabla hajaionja. Twaiba akamshikia kikombe, akamnywesha.

"Ijumaa alasiri una kazi?" akamuuliza.

"Sina, mama Ummi."

"Basi njoo kwetu. Na wengine waje."

Walikuja saba, Concepta na Veronicah wakiwa mbele. Waliketi mkekani miguu wameinyoosha, na Bi Mwanatumu akapita akipaka mikono kumi na minne, huku Ummi akifuata nyuma kuwavisha soksi. Kibwana alikuwa amekaanga mihogo, akaipakua na pilipili na ndimu, ndipo ikagunduliwa kwamba hakuna awezaye kula. Ikambidi awalishe mmoja mmoja kama makinda. Veronicah alicheka mpaka kipande kikamtoka kinywani, na wote wakacheka naye.

Concepta alipaka mafuta kila usiku, na Jumatatu ya pili yake mashuka yalibaki mabichi mikononi mwake. Hakuna aliyempigia fundi simu. Kabla ya saa tisa palikuwa na tangazo jipya langoni, na safari hii walitakiwa watu kumi.

Twaiba alimpigia mavyaa yake, aliyekuwa amesharudi Msambweni, kumpa habari.

"Kumi," Bi Mwanatumu akasema. "Hivyo ni vidole mia. Mwambie Kibwana apitie kwa muuza nazi, achukue gunia."