Posa ya Kahawa ya Mzee Byabato

Mzee Byabato wa Kimuli alikuwa na ukaidi wa kuzitosha familia tatu, na Avelina, kitinda mimba wake, alimpenda na ukaidi wake huo huo. Wao wawili na mama walichemsha buni kwa majani yenye harufu nzuri, wakazianika, wakazifunga kwa maganda makavu ya mgomba: kahawa ya kutafuna, ambayo mgeni hupewa kabla hata hajaulizwa kilichomleta.

Avelina ndiye aliyeweka picha mtandaoni. Kampuni moja ya Denmark ikaandika: tunataka pakiti mia nne kila mwezi, mkataba huu hapa, tujibuni kabla ya Ijumaa. Binti wa watu karibu arukeruke. Mkataba huo ukipita, hatalazimika kwenda kutafuta kazi mjini Kayanga na kuwaacha wazee wake peke yao.

"Wamekuja vizuri," mzee alisema alipotafsiriwa ujumbe huo. "Waache kwanza."

"Taata, mwisho ni Ijumaa," Avelina alimkumbusha baba yake.

"Nani anatoa binti siku ile ile posa inapofika? Watadhani tumemchoka. Anayetaka kweli atarudi."

Avelina alieleza mpaka mate yakamkauka. Wale hawaposi, wananunua. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mzee alicheka tu, akaenda kukata ndizi. Saini iliyotakiwa ilikuwa yake, na Avelina hakuwa mtu wa kumsainia baba yake kwa siri. Ijumaa ikapita.

Jumatatu ikaja barua fupi yenye adabu zote: kwa kuwa hamkujibu, tumeelewa kuwa hamko tayari, tumeshasaini na wengine.

Avelina aliisoma mara mbili jikoni huku akilia kwa hasira. Siku hiyo alimkasirikia baba yake kuliko siku zote za maisha yake. Kisha akatoka kwenda kumsomea, akamkuta anaanua buni. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya mkeka.

"Kwa hiyo hawarudi."

"Hawarudi, taata."

Mzee akaokota buni moja mbovu, akawatupia kuku.

"Waandikie," alisema, sauti imeshuka. "Waambie mimi nilikubali tangu siku ile ya kwanza. Nilikuwa nawapa heshima yao tu."

Avelina akaketi kando yake, akatoa simu, akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno, huku mzee akichungulia kuhakikisha heshima haijasahauliwa.