Budeba Nyuma ya Ngoma

Mimi Roza si mtu wa kuambiwa jambo mara moja nikakubali. Daktari wa Mbeya alipokwisha kumtoa mume wangu Budeba uvimbe wa saratani kwenye kibofu, aliniambia, "Mama, akifika nyumbani atembee kila siku. Kutembea hakuondoi saratani, lakini kutamrudishia nguvu na moyo." Nilimtazama yule daktari nikajiuliza kama aliwahi kuuguza mtu wake. Nikatia pamba masikioni.

Tulikuwa tumeshakosea mara moja. Budeba alikulia Usukumani, akioga na wenzake malamboni, na mvulana aliyekojoa damu kwa kichocho walisema amekuwa mwanamume. Kwa hiyo damu ilipomrudia ukubwani, huku Usangu tulikohamia na ng'ombe, alinyamaza mwaka mzima. Sikutaka kukosea tena. Nilimlaza. Uji kitandani, maji kitandani, hata jua nilimletea kwa kumfungulia dirisha. Akitaka kwenda zizini, namrudisha. Miezi miwili ikapita, miguu ikawa fimbo, naye akaacha kuuliza habari za ng'ombe. Hilo la ng'ombe liliniogopesha kuliko damu.

Mvua za kwanza za mwaka sabini na sita zilipolainisha udongo, majirani walikuja kutulimia shamba la mpunga kwa ngoma, maana kwetu shamba la mgonjwa haliachwi lilale. Watu ishirini kwenye mstari mmoja, majembe yanarushwa juu, yanadakwa, yanashuka pamoja. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia. Ngoma ya Limbu, mpigaji aliyewaongoza, ilipokolea, nikasikia mlango wa nyumba kubwa unafunguliwa.

Budeba alikuwa amesimama nje, ameshika ukuta.

"Rudi ndani, Baba Seni."

"Niache, Mama Seni."

Nilimfuata nimenyoosha mikono nimdake. Hakuanguka. Alifika nyuma ya Limbu, akaanza kutembea na mstari, hatua moja kwa kila mdundo. Jembe hakuligusa. Mwisho wa shamba wenzake waligeuka, naye akageuka. Hapo Limbu alipunguza mwendo wa ngoma bila kumtazama, na watu ishirini wakalima polepole, kwa mwendo wa mgonjwa.

Mtu niliyekuwa namlisha kwa kijiko alikuwa anaimba, jasho linamtoka, uso wake ni ule ule alionioa nao. Nilisimama topeni na mwiko mkononi, nikilia. Nilikuwa nimempenda mpaka nikaanza kumzika.

Jioni alikaa kizingitini, miguu inamtetemeka, akamaliza ugali wote.

"Kesho wanalima kwa nani?" akauliza.

"Kwa Ndalahwa. Kule ng'ambo ya mto, mbali."

Akaniangalia, akingoja nikatae.

"Nitakuamsha mapema," nikamwambia.