Koti la Kisanduku

Fundi wa mtandao wa jengo lile walimwita Mama Nyaya, na jina alilipenda. Alikuwa na msemo wake: waya ndio mzizi, waifai ni jani tu, jani likinyauka, chimba mzizi. Miaka sita msemo huo haukumwangusha. Asubuhi ile alipoitwa chumba cha nyuma, ghorofa ya chini, alikwenda nao pamoja na koleo lake.

Chumba kilikuwa cha fundi cherehani asiyesikia tangu utoto. Siku hizo alikuwa anashona mifuko ya kubebea chakula cha moto, ile yenye bitana inayong'aa kama sufuria mpya. Shida aliieleza mkewe. Dada wa fundi cherehani alikuwa mbali, amelazwa hospitalini, na saa kumi alasiri ataingizwa chumba cha upasuaji. Kabla ya hapo anataka amwone mdogo wake, waongee kwa mikono kama walivyokua. Saa kumi kasoro robo atapiga simu ya picha. Na waifai imekufa tangu juzi.

Mama Nyaya aliuliza kama hawawezi kusimama nje, watumie mtandao wa simu. Mke akasema walijaribu jana, picha inaganda. Anayesikia, picha ikiganda, hubakiwa na sauti. Huyu, mkono ukiganda katikati ya neno, na neno limeganda.

Kisanduku cha mtandao kilikuwa juu ya kabati, kimevalishwa koti la buluu lenye kifungo, limeshonwa likakaa sawa mpaka kwenye pembe. Mama Nyaya alilivua, akalikunja, akaliweka kando kwa heshima. Taa zote zilikuwa zinawaka. Akajaribu waifai kwa simu yake; ikaja mara moja.

"Imekuona," mke akasema. "Hata mtoto mtundu akimwona mwalimu hutulia."

Mama Nyaya hakucheka sana. Kosa linalokuja na kuondoka alilijua: ncha ya waya imelegea mahali. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tano, zinakoanzia nyaya zote za jengo, akakata ncha ya waya wa chumba kile, akaweka plagi mpya, akaipima kwa kipimo chake chenye taa nane. Taa nane zikawaka moja baada ya nyingine. Aliposhuka alikuta waifai imekufa tena na kisanduku kimevaa koti lake. Akalivua atazame. Ikafufuka.

Akapanda tena. Mara hii alikagua waya wote kutoka juu, ngazi kwa ngazi, akiupapasa kama mtu anayetafuta mwiba mguuni. Akashuka. Imekufa. Akavua koti, ikafufuka. Akabadilisha plagi ya chini pia, akaondoka kwenda kupima tena juu, akarudi. Imekufa. Ilikuwa saa tisa na nusu, na waya uliokuwa mrefu wa kutosha asubuhi sasa ulifika kwenye kisanduku kwa kujinyoosha.

Fundi cherehani aliushona mdomo wa mfuko mmoja, akaufumua, akaushona tena, huku jicho moja liko kwenye saa ya ukutani.

Mama Nyaya akavua koti mara ya nne, akakaa kwenye kigoda na simu mkononi. Mke akapita nyuma yake na kitambaa cha kufutia vumbi, akafuta kabati, akachukua koti, akakivalisha kisanduku na kufunga kifungo. Kwenye simu, waifai ikafifia, ikazimika.

"Mama, umefanya nini hapo?"

"Nimekivalisha. Nyuzi za humu ndani zitakiua."

Mama Nyaya aliinuka, akalivua koti lile, akaligeuza ndani nje. Bitana iling'aa kama sufuria mpya.

"Mama, kitendawili."

"Tega."

"Nimemvika mgeni koti, akaninunia."

Mke alitazama koti, akatazama kisanduku, akatazama rundo la mifuko. Kisha akageuka, akaanza kumweleza mumewe kwa mikono, na cherehani ikasimama. Bitana isiyoruhusu joto kutoka, hata waifai hairuhusu itoke. Kwenye ukuta wa tofali waifai inapita, kwenye bitana hii, hapana. Mume akajibu kwa kirefu, uso mkavu.

"Anasema wateja wanalalamika mifuko yake inavujisha joto," mke akatafsiri. "Leo amepata shahidi."

Kasoro robo simu iliita. Dada alikuwa na mpira wa dawa kwenye mkono mmoja, kwa hiyo aliongea kwa mkono mmoja, na mdogo wake alimjibu kwa miwili. Picha haikuganda. Mama Nyaya aligeukia ukuta akajishughulisha na vifaa vyake, maana pale kutazama ndiko kusikiliza.

Baadaye mke alimwambia kwamba dada aliuliza ni nani yule aliyewapa mgongo. Akajibiwa: ni mtu wa waya, anajifanya hasikii.

Siku ya tatu dada alipiga tena. Safari hii alikuwa na mikono yote miwili. Kisanduku kilikuwa na koti lile lile la buluu, bila bitana.