Mtaro wa Kwenye Kona

Kila alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala barabarani, Mama Beleshi aliona kila kitu kama yumo usingizini. Nguzo zilielea, lami haikuwa na mwisho, na pale kwenye kona yule mbweha jike alivuka taratibu, kwa maringo ya mwenye nyumba, akiwaendea watoto wake kichakani. Mama Beleshi alimpenda, basi. Kazi yake ilikuwa kuondoa wanyama waliogongwa na magari, na siku ya kumzoa huyu aliiogopa kuliko kifo chake mwenyewe.

Kona ile ilimnyima raha. Leo sungura, kesho fungo, keshokutwa mwewe. Vibao vya kupunguza mwendo viliwekwa, lakini wapi!

"Kona hii ina mkosi," alisema dereva wa pikapu yao, mume wa dada yake.

"Mkosi ni huo uendeshaji wako, shemeji."

Walifanya kama walivyofundishwa na waliowatangulia: mzoga unasukumwa mtaroni, unafunikwa majani, safari inaendelea. Jana tu alikuwa amemlaza sungura humo, akamfunika vizuri kwa huruma.

Asubuhi hii walikuwa ndio kwanza wameegesha kando, mbweha akaibuka mtaroni na kitu mdomoni. Akasimama katikati ya lami akikiweka sawa. Alikuwa yule sungura, majani ya jana yamemganda manyoyani.

Hapo Mama Beleshi akaelewa. Kumbe ni yeye mwenyewe aliyekuwa akiwaandalia wanyama meza kando ya barabara. Fungo alimfuata sungura akagongwa, mwewe akamfuata fungo, na wote aliwalaza palepale.

Lori likatokea ukunguni likiunguruma. Mama Beleshi hakufikiri. Alijitosa barabarani, beleshi juu, akipiga mayowe. Matairi yalilia. Mbweha akamwangusha sungura, akatokomea.

Dereva wa lori alimporomoshea matusi ya wiki nzima. Mama Beleshi alishuka mtaroni, akaanza kupakia mizoga kwenye pikapu.

"Gari langu, jamani! Jana tu nimeliosha!"

"Utaliosha tena, shemeji. Kuanzia leo tunawazika mbali na barabara."

Alipomwokota na yule sungura, aliona macho mawili yakimtazama kutoka kichakani. Alijua watoto wangelala njaa, na ilimuuma hasa.

"Nichukie, mama mwenzangu," alimwambia. "Nichukie tu, lakini nichukie ukiwa hukohuko."