Taa Iliyokataa Kuzima

Mwaka ule wa tisini na tatu, watu wenye asili ya Kasai walipokuwa wakifukuzwa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, Elise Muamba alibadilisha mafuta ya injini ya gari kwa mikono yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kazadi, fundi aliyeitunza Peugeot yao tangu ilipofika mtaani kwao Musonoi, alikuwa ameshapanda treni na jamaa yake yote. Mafundi waliobaki walitazama pembeni kila alipowasalimu.

Mume wake, Nkongolo, alikuwa ametangulia kwa treni na watoto, Laure na wadogo zake. Elise alibaki kwa ajili ya mama yake, Mbelu, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba. Bibi yule asingeweza kulala chini kwenye kokoto za stesheni, katikati ya umati uliokuwa ukingoja mabehewa. Wao wawili wangeondoka kwa gari, wapite Lubudi na Kamina mpaka Mwene-Ditu, mji wa Kasai. Safari ndefu namna hiyo huianzi na mafuta yaliyochoka, kwa hiyo lazima vidange, yaani kubadilisha mafuta, ifanyike.

Hakuogopa. Mpaka alipofukuzwa kazi, Elise alikuwa mpimaji katika maabara ya mgodi. Walimletea mawe, yeye anayasaga, anayachoma kwa asidi, anasema ndani mna shaba kiasi gani. Kazi waliichukua, lakini ile hamu ya kutaka kujua kitu kina nini ndani hawakuweza kuichukua. Alijilaza chini ya gari juu ya gunia, akamwaga mafuta meusi kwenye beseni, akatoa filtre, kichujio cha mafuta, ya zamani kwa taabu, akafunga mpya, akajaza mafuta. Mikono ilimnuka, na alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa wiki nyingi.

Akawasha gari. Injini ikaitika. Lakini kwenye dashibodi, ile taa ndogo nyekundu yenye picha ya kopo la mafuta, ambayo huwaka mara moja na kuzima, ikabaki inawaka.

Akazima gari mara moja, maana taa ile husema injini haipati mafuta, na injini isiyopata mafuta inakufa bila kuchelewa. Akachomoa kijiti cha kupimia: mafuta yapo, mpaka kwenye alama. Akachungulia chini: hakuna hata tone. Akawasha tena kwa muda mfupi tu. Nyekundu.

"Sasa unataka nini?" akaiuliza.

"Inawaka juu ya nini, sababu gani?" sauti ya mwanaume ikauliza.

Alikuwa Mukalay, jirani wa lupango la pili, kiwanja cha pembeni, karani wa ghala la mgodi, mtu wa kaskazini ya Katanga, ambaye hakuna aliyemfukuza. Zamani alikuwa akija kila Jumapili kunywa chai na Nkongolo na kubishana juu ya magari. Tangu mambo yaharibike alikuwa akipita kwao kichwa kikiwa kimeinama. Sasa alisimama kwenye pengo la ua wa miti, mguu mmoja kwake, mguu mwingine kwa Elise, macho yote kwenye injini iliyokuwa wazi.

"Mi siyui, tata Mukalay. Nimefanya vidange, taa inakatala kuzima."

"Mafuta umeweka?"

"Nimeweka."

"Filtre umekaza muzuri?"

"Kuya uone."

Mukalay alitazama nyuma. Mke wake, Fidélie, alikuwa mlangoni amejishika kiuno.

"Mukalay, rudia," Fidélie alisema kwa sauti ndogo. "Batu batakuona."

"Nitaona kintu kimoja tu, mama, nirudie," akajibu, na mguu wa pili ukavuka.

Walianza kama watu wawili walioinamia kitendawili. Mukalay alimwonyesha kidude kidogo cha shaba kilichofungwa ubavuni mwa injini, chenye waya mmoja kichwani. Hicho ndicho kinachosikia nguvu ya mafuta na kuiambia taa.

"Tukitoe," alisema. "Weye zungusha motere, lakini isiwake. Kama mafuta inatembea, itatokea hapa kwenye tundu."

Elise alichomoa waya wa kuwashia, akaingia ndani, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa mara kadhaa bila kuwaka. Kisha akasikia Mukalay anapiga kelele. Alipotoka, shati jeupe la jirani yake lilikuwa limelowa mafuta kuanzia kola mpaka tumboni.

"Inatembea!" Mukalay alisema, akijipangusa kidevu. "Mama Laure, inatembea sana!"

Elise alicheka. Mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye kiti barazani, akacheka pia, na hata Fidélie akageuza uso ili asionekane akicheka.

Kwa hiyo injini ilikuwa nzima, na taa ilikuwa inadanganya. Wangeweza kuishia hapo. Lakini barabara ya Kamina si ya kuendesha ukiwa na taa ya uongo mbele ya macho: ikija kusema kweli, utajuaje? Tena wote wawili walikuwa wameshashikwa na hamu ya kujua.

"Njo kusema hiki kidude kimekufa," Mukalay alisema.

"Ngoja." Elise alirudisha kidude mahali pake, akauacha waya ukining'inia bila kugusa kitu, akafungua ufunguo. Taa iliwaka vilevile. Akakunja uso. "Waya haigusi kitu, na taa iko inawaka. Basi si kidude. Kule maabara tulikuwa tunaondoa kitu kimoja kimoja, mpaka kinabaki kile chenye makosa."

Ndipo vijana wa chama kilichokuwa kikiwafukuza watu wa Kasai walipofika. Walikuwa watatu, wana vitambaa vyekundu kichwani na fimbo mikononi, wakipita nyumba kwa nyumba kuona nani bado hajaondoka. Elise alimtambua aliyetangulia, Jeancy, mtoto wa mama Blandine muuza samaki. Barazani, mama Mbelu alianza kusali kimyakimya. Fidélie aliingia ndani na kufunga mlango.

"Tata Mukalay," Jeancy alisema, "unafanya nini kwa bano batu ba Kasai?"

Mukalay alisimama na shati lake lililolowa mafuta. Alifungua mdomo, na Elise aliona kwamba alikuwa anatafuta uongo wa kusema. Hakuupata.

"Taa ya mafuta inakatala kuzima," akasema. "Ninatafuta juu ya nini."

Jeancy akasogea, akachungulia ndani ya injini.

"Kidude kimekufa," akasema.

"Tulifikiri vile, lakini si kidude."

"Basi ampule ya taa."

"Ampule ikikufa, haiwake," akasema kijana wa pili, na wa tatu akasema la, ni betri, kaka yake anaendesha lori na iliwahi kumtokea. Wakaanza kubishana. Fimbo zikaegemezwa ukutani. Elise alirudi ndani ya gari akafungua ufunguo, huku Jeancy akishika ule waya na kuufuata kwa vidole, taratibu, kuanzia kichwani kwenda nyuma.

"Imezima!" Elise akapiga kelele. "Ngoja, imewaka tena. Ulifanya nini?"

"Nimeivuta kidogo tu."

"Vuta tena!"

Ikazima. Ikawaka.

Elise aliruka nje, na wote watano wakagonganisha vichwa juu ya injini. Pale chini palikuwa na mkanda wa chuma unaoshika bomba la maji. Elise alikuwa ameulegeza ili mkono wake uifikie filtre, halafu akaurudisha na kuukaza kwa nguvu zake zote. Waya ulikuwa umenaswa chini yake. Chuma kilikuwa kimekata ngozi ya waya, na nyuzi za ndani zilikuwa zinagusana na mwili wa injini.

"Aaa," alisema Mukalay, kwa furaha ya mtu aliyeonja kitu kitamu. "Inagusa chuma, taa inazani ni kidude kinaita."

"Ni mimi niliikaza," alisema Elise.

Alilegeza mkanda, akautoa waya, akaufunga kwa plasta ya vidonda kutoka kwenye dawa za mama yake. Akaurudisha kichwani mwa kidude, akarudisha na ule waya wa kuwashia, akawasha gari. Taa ikawaka, ikazima. Injini ikaendelea kunguruma.

"Eee!" Jeancy alisema, akapiga makofi. Alikuwa anacheka kama mtoto. Kisha akamwangalia Elise, na kicheko kikaisha. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akachukua fimbo yake ukutani.

"Mama," akasema bila kumtazama, "kesho tukipita, tusikukute hapa."

"Hamutanikuta," Elise alijibu.

Waliondoka. Mukalay alibaki ameshika ufunguo wa boli, asijue auweke wapi.

"Nilikuwa ninawaogopa," alisema mwishowe. "Ile wiki zote. Si kama nilikuwa na hasira na ninyi."

"Ninayua, tata."

Asubuhi iliyofuata Fidélie alivuka lile pengo la ua yeye mwenyewe. Alileta viazi vitamu vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye jani la ndizi, akaviweka miguuni pa mama Mbelu ndani ya gari, akamshika mkono kwa muda mrefu. Mukalay alisukuma geti.

Kwenye kizuizi cha kutokea mjini waliwapekua, wakachukua redio na godoro, wakawaacha wapite. Baada ya hapo barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na msitu pande zote. Waliwapita watu wanaotembea kwa miguu na mizigo kichwani, wakampakia mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga, kwa kuwa nafasi ilikuwepo.

Elise alikuwa amezaliwa Musonoi. Kasai hakuijua, zaidi ya jina.

"Mama," aliuliza, "kwetu kunafanana namna gani?"

Mama Mbelu alifikiri. Yeye aliletwa Kolwezi akiwa mtoto, baba yake alipochukuliwa kuja kufanya kazi mgodini.

"Nakumbuka udongo mwekundu," alisema. "Na mto mmoja, lakini jina lake siyui tena."

"Mto mkubwa?"

"Kwa macho ya mutoto ulikuwa mukubwa. Tutaona."

Walifika Mwene-Ditu wamechoka, wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Nkongolo na watoto walikuwa wanalala katika uwanja wa parokia pamoja na wengine wengi. Laure, binti mkubwa, ndiye aliyeliona gari kwanza. Alikimbia, akapita dirisha la mama yake, macho yote kwa mtoto mchanga aliyekuwa nyuma, akafungua mlango wa nyuma na kumwuliza yule mwanamke mgeni jina la mtoto wake.